Klachi Iliyoliwa na Salamu

Mie kikongwe nisiyejua gari linakata kona vipi, kilichonitoa nyumbani hadi Gerezani, kwa mafundi wa magari wa Dar, kutafuta klachi ni adabu. Si adabu zangu. Adabu za mkwe wangu, baba Sefu. Nyie wa hapa Dunda, Bagamoyo, mnamjua, lakini maneno haya yatafika mpaka kwa ndugu zenu wa Pangani, nao hawajapata kumwona akisalimia, kwa hiyo nivumilieni nianze mwanzo.

Baba Sefu ndiye aliyemwoa binti yangu mkubwa. Jina lake silitaji. Kwetu mkwe hatajwi jina, hakaripiwi, na ukimtazama usoni basi uwe na sababu. Ni mtu mwema mno. Ana gari dogo la kijani, kalinunua kwa bwana shamba mmoja aliyehamishwa, na huyo bwana shamba naye alilipata limeshachakaa. Mlango wa nyuma haufunguki. Honi hulia yenyewe likipinda kushoto. Lakini lilikuwa linakwenda, na enzi zile madukani hamna sabuni, hamna sukari, mwenye gari linalokwenda alikuwa kama sultani.

Sasa sikilizeni anavyosalimia. Akimwona mtu, husimama. Gari halizimi. Mguu mmoja kwenye klachi, wa pili kwenye mafuta, gia ya kwanza imeshaingia, gari linatetemeka kama mbuzi aliyeona kisu, maana baba Sefu muda wote ni mtu wa kuondoka. "Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama anaendeleaje na mguu? Na yule mbuzi kazaa? Haya bwana, mie nakwenda." Haendi. "Ee, na shemeji je? Salamu nyingi. Haya, tutaonana." Haendi. "Haya basi, kwaheri." Bado yupo. Sie watu wa pwani, kwaheri ya kwanza ndiyo kwanza inafungua mazungumzo. Basi kwaheri zote tatu gari limeshikwa nusu, limeachiwa nusu, mpaka chini inatoka harufu ya maharage yaliyosahauliwa jikoni.

Nikamuuliza binti yangu, "Mwenzio kwa nini hazimi?"

"Mama, ukizima gari mbele ya nyumba ya mtu umemwambia akapike. Yeye hataki kusumbua watu."

Nikasema loo, hii ndiyo adabu! Na mji mzima ukamsifu. Tulimsifu mpaka klachi ikaisha.

Na iliisha wakati mbaya. Mjukuu wangu Sefu, fundi wa kuchonga milango, moyo wake ulikuwa Kerege, kwa Salma, binti wa Bwana Nasoro mwenye duka. Wale ni watu wa asili ya Omani, wapole, maneno yao kidogo. Posa tulishapeleka. Wazee wetu wawili walishuka wakaingia na barua, baba Sefu kabaki garini, injini inanguruma, ili wenyeji wasipate taabu. Tukaambiwa majibu yatakuja. Ikapita wiki. Ukapita mwezi. Sefu kakonda, na milango anayochonga ikaanza kupinda. Mteja mmoja kaurudisha wa kwake, anasema huu mlango una huzuni.

Jumatatu asubuhi, hapa hapa Dunda, gari likagoma. Linanguruma, halijongei. Akaitwa fundi wetu wa mtaani. Akainama, akanusa, akainuka.

"Klachi imekwisha," anasema. "Spea hapa hamna. Lipelekeni Gerezani, Dar. Tukiwasukuma mkashika mwendo mtafika, ila msisimame. Mkisimama, mmelala hapo."

Watu wote tukageuka kumtazama baba Sefu. Kumwambia yule asisimame toka Bagamoyo mpaka Dar ni kumwambia samaki apite juu ya mchanga. Tukakaa kikao. Ikaonekana atakayemzuia ni mtu mmoja tu, yule anayemwonea haya kuliko wote, yaani mama mkwe wake. Nikajifanya nasitasita. Oo, mgongo wangu, oo, vumbi. Kumbe kilemba changu cha kanga nilishakichagua.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaondoka. Mlango wa nyuma si haufunguki? Basi nikaketi mbele, bega kwa bega na mkwe wangu, astaghafirullahi, uso nimeugeuzia dirishani. Vijana wakasukuma, gari likashika, wakabaki wanapiga makofi. Kumkaripia siwezi, nimeshawaambia. Kwa hiyo tangu mwanzo nikaamua nitasema na gari.

Kiromo hatujafika vizuri, akatokea mwalimu wa chuo juu ya baiskeli. Nikaona mguu wa baba Sefu unainuka.

"We gari," nikasema, nimelitazama dirisha, "mwambie bwana wako kuwa Sefu bado hajaoa."

Mguu ukashuka. "Gari," anasema naye kwa sauti ya unyonge, "mwambie mama nimesikia."

Tukampita mwalimu. Baba Sefu akaguna kama mtu aliyeng'olewa jino.

Zinga nikamwonea huruma, nikasema mie ndiye nitakayesalimia, kwa dirishani, tunakwenda hivyo hivyo. Nikatoa kichwa nje. "Hujambo bwana?" nikamuuliza mtu wa nyumba ya kwanza. "Sijambo," akajibu wa nyumba ya tatu. Mmoja nikamuuliza hali ya mkewe, akaja kujibu kapera. Basi tena, salamu zilitoka, aliyezipata ni aliyejaaliwa.

Saa mbili kasoro, Kerege. Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa, maana duka la Bwana Nasoro liko ubavuni mwa barabara kabisa. Nikaomba Mungu awe ndani. Hakuwa ndani. Alikuwa kasimama nje na kanzu yake nyeupe, kofia imenyooka, na alipoliona gari letu akainua mkono. Na katika mkono, wanangu, mna bahasha.

"Mama!" Baba Sefu kasahau heshima, kaniita mwenyewe. "Mama, majibu yale! Majibu ya Sefu!"

Hebu nyie mngefanyaje? Tukisimama, bahasha tunaipata, gari linalala pale, na harusi tutakwenda kwa gari gani, na klachi tutaifuata kwa lipi? Tukipita, tumempita mkwe mlangoni mwake kama jiwe. Na siku zile mtu haendi akarudi Dar upesi, njia yenyewe mchanga. Nikafumba macho.

"We gari," nikasema, "usisimame."

Nikatoa kichwa nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Asalaam aleikum baba Salma! Klachi! Klachi!" Sasa mtu wa duka, asiye na gari, ukimpigia kelele klachi ataelewa nini? Gari lenyewe lilikuwa polepole, angeweza kutufuata kwa miguu akatukabidhi bahasha. Lakini Bwana Nasoro si mtu wa kukimbiza gari na kanzu. Nikamwona kwa kioo cha pembeni. Mkono ukashuka. Bahasha ikarudi mfukoni.

Toka hapo mpaka Mapinga nilikazana kutazama dirishani. Baba Sefu machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiwiko.

Mbele ya Mapinga mnateremka bonde la Mto Mpiji, halafu mnapanda. Kuteremka tuliteremka vizuri, nikaanza na kucheka. Kupanda sasa! Injini inalia juu kama tarumbeta, gari linakwenda nyuma. Moshi huo. Baba Sefu akakanyaga breki, nikashuka mwenyewe nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Wakaja wanawake watatu, mizigo ya kuni kichwani, wanatoka bondeni. Nikawaita, "Wanangu, tusaidieni kusukuma."

Wakatua kuni taratibu. Mmoja, mrefu, akafunga kibwebwe, akasimama na mikono kiunoni.

"Bibie, hapo nyuma si nyie mliotupita mbio bila hata salamu?"

"Ndio sie."

"Kusalimia hamtaki, kusukumwa mnataka?"

"Mwanangu, tungesimama tungelala."

"Si mmelala sasa? Basi salimieni."

Mnafikiri baba Sefu alingoja kuambiwa mara ya pili? Kashuka garini kama mfungwa aliyeachiwa. Akawasalimia mmoja mmoja, akauliza waume, akauliza mihogo, akauliza nguruwe wanaokula mihogo. Yule mrefu ana mtoto anaota meno, akampa dawa ya meno ya kizee mpaka na namna ya kuitwanga. Udhia wote wa asubuhi ukamtoka, uso ukang'aa. Nami nimekaa kando ya jiwe langu nimeona kitu, lakini sikukitambua siku hiyo. Kwamba kasalimia amesimama kwa miguu yake, gari limezimwa, na wale wanawake walimjibu vingine. Hawakusema "hatujambo" wakamaliza. Walimwambia habari zao.

Wakasukuma mpaka juu, tukashika mwendo, tukafika mjini adhuhuri.

Jumatano tulishinda Gerezani. Jamani, Gerezani! Kila gari pale liko uchi. Injini ziko chini kama mafenesi, watu wanakanyaga mafuta, wanagonga vyuma, wanatukanana kwa upendo. Nikatafutiwa boksi nikakalia, nikanunua karanga, nikafurahi kama niko harusini. Fundi wetu alikuwa kijeba kimoja chenye miguu myembamba. Akatandika gunia, akaingia chini ya gari, tukabaki tunaongea na ndala zake. Akafungua gia boksi, akalishusha juu ya kifua chake kama mtoto mchanga, akatoka na kitu cha mviringo, bapa, kama kisahani cha chuma.

"Hii ndiyo sahani ya klachi," ananiambia. "Hii ndiyo inayoshika injini na magurudumu yaende pamoja. Hapa huwa pana nyama, nene hivi. Tazama. Nyama yote imeliwa, imebaki mifupa."

Nikapitisha kidole. Laini kama kigae cha pwani. Misumari yake imechomoza.

"Sahani hufa hivi kwa watu wa milimani," fundi anasema. "Kwenu Bagamoyo kuna milima?"

"Hamna mlima, mwanangu. Tambarare mpaka baharini."

"Basi huyu bwana anapanda nini?"

"Anapanda salamu."

Fundi kanitazama, kamtazama baba Sefu, na baba Sefu kainamisha kichwa. Nikamweleza yote, kwaheri tatu na gia ya kwanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita mafundi wenzie waje waione sahani iliyoliwa na salamu. Baadaye kaenda kuhangaika, akapata sahani nyingine kwenye gari lililokufa, ingali na nyama yake, akaifunga. Halafu akamshika baba Sefu bega.

"Mzee, ukisimama toa gia, toa na mguu. Ukiwa na maneno mengi, zima kabisa."

Baba Sefu akasema inshallah. Mie inshallah yake naijua. Ile sahani ya zamani nikaiomba, nikaifunga kwenye kanga.

Alhamisi, baada ya chai, tukarudi. Gari linakwenda kama limetiwa asali! Tegeta kasalimia mtu, katoa gia, katoa mguu. Nikasema na gari, "Gari, bwana wako ana akili." Boko, katoa gia, mguu kaacha. Bunju, mguu upo na gia ipo. Juu ya Mpiji tukawakuta wale wanawake wa kuni, akawasalimia kwa dirishani, injini inanguruma, na yule mrefu akajibu "Salama tu" akaendelea na njia yake. Juzi alimpa habari za meno ya mtoto. Leo salama tu.

Saa nane, Kerege. Bwana Nasoro kwenye benchi nje ya duka. Baba Sefu akasimamisha gari mbele yake, akatoa kichwa.

"Asalaam aleikum, baba Salma! Hamjambo? Jumanne tusamehe, gari lilikuwa bovu, hatukuweza kusimama."

"Wa aleikum salaam." Hakuinuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hali?"

"Salama tu."

Salama tu! Ikaniingia kama mwiba. Baba Sefu huku anaendelea: duka je, afya je, haya, sie tunakwenda, hatutaki kuwasumbua. Gari likaanza kutetemeka. Nikasikia ile harufu, kidogo. Klachi ya jana! Na bahasha haijatajwa. Sefu kule nyumbani anangoja na patasi mkononi.

Hapo nikamwona mama Salma. Katokeza mlango wa uani na buli la kahawa, kasimama, kasikiliza injini, karudi nalo ndani. Hakukasirika hata. Karudi kama mtu aliyezoea.

"Baba Salma," nikamwita, "mkeo kaleta nini akarudisha?"

Akasema kitu, sikusikia kwa ngurumo. Ikabidi apaze sauti, mtu yule asiyepaza sauti hata kwa wadeni. "Kahawa! Miaka miwili, bibi! Kila akilisikia gari lenu huteleka kahawa, na kila siku tunaimwaga! Hata posa mliileta gari linanguruma! Mtu asiyetaka kahawa yangu, binti yangu nitamweka kwake vipi?"

Maskini baba Sefu! Miaka miwili anachunga watu wasisumbuke, kumbe anawatukana mlangoni mwao.

"Na Jumanne je?" nikauliza. "Tulipokupita?"

"Jumanne niliona afadhali! Nikasema leo angalau hawakujifanya wanasimama!"

Nikamngoja baba Sefu azime. Mkono wake unakwenda kwenye ufunguo, unarudi. Anaona haya. Anasema moyoni, nikizima sasa hivi, baada ya maneno haya, itakuwa nimemlazimisha mtu apike. Adabu imemfunga. Basi mie nikafanya jambo ambalo bibi yangu angelisikia angefufuka anichape. Ufunguo uko upande wa pili. Nikapitisha mkono wangu mbele ya kifua cha mkwe wangu, nikauzungusha.

Kimya.

Nikamsikia kuku. Nikasikia sufuria inatua jikoni, na sauti ya mama Salma, "Salma! Kuna wageni!"

Nikashuka. Nikakaa kwenye benchi la watu bila kukaribishwa, nikafungua kanga, nikampa Bwana Nasoro ile sahani kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu tunu.

"Nini hii, bibi?"

"Salamu zako. Na za watu wote toka Dunda mpaka Mpiji. Yule bwana hakudharau mtu, baba. Alisalimia mpaka chuma kikaisha. Ila alisalimia vibaya, nasi tukamsifu."

Akapitisha kidole gumba, polepole, palipokuwa na nyama. Akamtazama baba Sefu, ambaye sasa amesimama kando ya gari lililozimwa na hajui mikono aiweke wapi. Bwana Nasoro akainuka, akamwendea, akampa mkono. "Hujambo?" anamuuliza. Na baba Sefu, wallahi, mara ya kwanza maishani mwake, akakosa neno.

Kahawa ikaletwa na halua, na mkate wa kumimina. Jiko la mkaa likawekwa pale pale barazani, buli la pili lilikuwa linasitasita kuchemka. Bwana Nasoro akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha, ile ile, imekunjika. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Akaichomeka kwenye jiko chini ya makaa, moto ukapanda, kahawa ikachemka.

Ilikuwa imeandikwaje? Sikuuliza. Mtu akikuchemshia kahawa kwa barua yako, wewe kunywa. Akachukua karatasi ya kufungia sukari, akaandika nyingine pale pale, mistari mitatu, akampa baba Sefu aisome. Baba Sefu akaisoma akalia, nami nikajua imekubaliwa, maana hatuna mwingine aliaye vizuri kwa furaha.

Magharibi tukafika Dunda. Sefu kasikia honi tulipopinda kushoto, katoka mbio na vumbi la mbao nyweleni.

Mkitaka kujua nilichojifunza safarini, ni kuwa salamu ina miguu: ishushe ardhini. Na mkwe wangu kajifunza mno, kapita kiasi. Siku hizi kila nyumba anazima. Na kila anapozima wanapika. Klachi nzima kabisa, ila vifungo vya shati vimekatika vyote, na kwenda sokoni akitoka asubuhi hurudi jioni bila samaki, kashiba.

Siku ya harusi tulikwishaketi Kerege, shehe kafika, Sefu anatoka jasho ndani ya joho, baba mtu haonekani. Saa nzima. Bwana Nasoro akaja upande wa wanawake, akaniita pembeni. Sahani ile kaitundika dukani, juu ya mizani, na madereva wanaosimama wakinguruma huwaonyesha tu kwa kidole.

"Bibi, mkwe kaharibikiwa?"

"Hapana, baba. Yuko njiani. Anasalimia."

Akafikiri kidogo. "Gari kazima?"

"Kazima."

"Basi tumngoje," akasema, akamwambia mkewe aongeze kahawa.